Mkunga Aliyependa Miji Midogo

Nilimjua kwa miguu kabla sijamjua kwa sura. Nilipoletwa London kuolewa, flati yetu ya Walthamstow ilikuwa chini ya yake, na tangu alfajiri nikimsikia juu ya kichwa changu: jikoni, dirishani, mlangoni, jikoni tena. Nilidhani huko juu kuna mgonjwa. Nilipomuuliza mama mkwe wangu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Si mgonjwa huyo, ni Mkunga. Sijapata kumwona amekaa kitako, na nimemjua tangu sote wawili wasichana."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alifanya kazi ya ukunga hospitalini miaka mingi, na watoto wa Wazanzibari wa upande wetu wa London, wengi wao walikuja duniani mikononi mwake. Alikuwa akikutana nao sokoni, mijibaba ina ndevu, inabeba maboksi ya ndizi, naye anawasimamisha na kuwatazama utosini kama anayehakikisha pameziba. "Wewe ulitoka umekunja ngumi," alimwambia mmoja mbele ya mchumba wake. "Bado unazo?" Akaondoka kabla hajajibiwa. Ndivyo alivyokuwa, anauliza kisha anaondoka.

Kwa mwanamke mwenye uchungu alikuwa mtu mwingine kabisa. Mtoto wangu wa kwanza alichelewa, na nilikuwa nimeshakata tamaa, namlilia mama yangu aliyeko Pemba. Mkunga alikaa kando ya kitanda, mkono wake mmoja mgongoni mwangu, hakuutoa. Alinena polepole, kila neno na pumzi yake: "Usikimbilie, mwanangu. Wala usikawie. Yeye anajua njia, wewe mfungulie tu." Nilimwona katulia kama maji ya mtungini. Mtoto alipolia, akamfuta, akanipa, na hapo hapo miguu yake ikaanza tena: dirishani, mlangoni, dirishani.

Utulivu wake aliuweka wote kazini. Nyumbani haukubaki hata chembe.

Kila alipopata likizo alisafiri. Sisi wengine tulikuwa tukingoja miaka tupate nauli ya kwenda kwetu, yeye alipanda basi la safari akavuka bahari kwenda Ubelgiji, Ujerumani, Slovenia. Wala hakwenda kwenye miji mikubwa ambayo majina yake ukiyataja watu wanatikisa kichwa. Paris aliipita mkoba kwapani, akitafuta basi la kumtoa. Alitaka miji midogo ya kale: Dinant, uliobanwa baina ya jabali na mto, Monschau, wenye nyumba za mbao zilizoinamiana bondeni, msitu umeuzunguka pande zote, Bled, penye ziwa na kisiwa katikati. Alirudi na majina hayo mdomoni, anatutamkia sisi tuliokaa na mabakuli ya urojo, nasi tunayarudia vibaya na kucheka.

Nilimuuliza kwa nini midogo.

"Mji mdogo una ukingo," alisema. "London nimekaa umri wangu wote sijaona inapoishia. Mji usioujua mwisho wake, utajuaje kama umetoka?"

Akifika alikuwa na desturi yake. Kwanza anapanda. Uwe mlima, uwe mnara, uwe ukuta wa ngome, anapanda mpaka auone mji wote umekaa chini yake kama mapishi kwenye sinia: paa, mto, mashamba, kisha msitu unapoanzia. Anautazama unapokwisha. Halafu anashuka, anamtafuta mtu yeyote, muuza mkate au bibi anayefagia kizingiti, na kumuuliza swali moja: watoto wanazaliwa wapi hapa?

Mara nyingi jibu lilikuwa lile lile. Hawazaliwi hapa. Wodi ilifungwa, wajawazito wanapelekwa mji mkubwa, na vijana wenyewe wamehama. Waliobaki ni wazee na wageni. "Wanapaka rangi madirisha, wanamwagilia maua," alitusimulia, "na kila jiwe wanajua lilichongwa lini. Mji mzuri, mashaallah, lakini hauzai." Alisema hivyo kwa hasira kidogo, kama anayesema habari za jamaa yake mwenye ukaidi. Mwaka uliofuata alikwenda mwingine.

Na hakulala zaidi ya siku mbili popote. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Siku ya tatu watu wanaanza kukuamkia. Muuza mkate anakuuliza wa wapi wewe, kwenu wapi, una nani. Mimi jembe lao silitaki."

Ukimsikiliza ungesema ni mtu asiyependa yaliyopita. Nyumbani mwake hamkuwa na kitu cha zamani. Sahani ikipata ufa anaitupa, kiti kikilegea anakitoa nje ya mlango siku ile ile. Lakini mume wangu alipata kusafiri naye kwenda Ujerumani na kundi la watu wa mtaani, na alimwona ameweka kiganja chake juu ya ukuta mkuukuu wa mawe, amekiacha hapo, wenzake wote wameshapanda basi, dereva anapiga honi.

Tulipokutana kwa maulidi au harusi katika kumbi za kukodi, wazee wa kiume walikuwa na mazungumzo yao. Kule kwetu. Nyumba ya fulani, baraza ya fulani, nani alikaa kichochoro gani kabla ya mapinduzi. Yeye akisikia tu yameanza, anakusanya sahani. "Wanazungumza nyumba," alininong'oneza, "hawazungumzi watu. Nyumba hazilii." Ila siku moja mzee mmoja alisema nyumba ya pembeni kule Malindi ilikuwa na mlango wa buluu, na kutoka jikoni, maji yanamwagika, tukasikia sauti ya Mkunga: "Kijani!" Ukumbi mzima ukageukia jikoni. Hakutokeza. Akafungua bomba zaidi.

Mimi nilikuwa na maisha ya kutotulia vilevile. Nilikuwa nikitunza wazee majumbani kwao, nashuka basi napanda basi, kutoka kwa mzee wa Leyton hadi kwa bibi wa Chingford, chakula changu nakula nimesimama kituoni. Usingizi wangu ulikuwa mwembamba. Nilianza kumpenda Mkunga, nadhani, kwa sababu sikuwa na haja ya kumweleza hilo. Nilipokuwa nyumbani mchana, mtoto yuko shule, alinigongea. "Vaa koti." Tunatoka. Hatuna tuendako. Tunakwenda kwenye mabwawa ya Walthamstow, tunayazunguka kwa kasi yake, bata wanatukimbia, tunarudi.

Jambo moja halikuzungumzwa. Milango ya Unguja ilipofunguliwa, watu waliokimbia wakaanza kwenda likizo kwao, wengine wakilia uwanjani, wengine wakirudi wameudhika na joto. Yeye hakwenda. Ulaya nzima aliizunguka, kule hakukanyaga. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia sababu, au kile alichokijua. Mkunga aliondoka kijana sana, baada ya mapinduzi, akamwacha mama yake na mdogo wake wa kike. Alikusudia kuwaita. Mambo hayakuwezekana, walioondoka hawakuweza kurudi, na waliobaki hawakuruhusiwa kutoka. Mama yao akafa. Habari ilimfikia Mkunga harusini, Tooting, siku nyingi baada ya mazishi. Mwanamke mmoja aliyedhani Mkunga ameshajua alimshika mkono, akamwambia, "Pole na mama." Naye alikuwa ameshika sinia la biriani.

"Akafanyaje?" niliuliza.

"Aligawa biriani," alisema mama mkwe wangu. "Meza zote. Hakuiruka hata moja."

Mwaka mmoja nilikwenda kwetu Pemba kuwaona wazazi, na nikapitia Unguja. Sikumtafuta mdogo wake Mkunga. Yeye ndiye aliyenitafuta. Alisikia kuna mtu katoka Walthamstow, akaja pale nilipofikia. Alikuwa bibi mwembamba, mwenye macho yale yale ya dada yake, lakini macho haya yalitua mahali yakakaa. Aliuliza neno moja. "Yu hai?"

Nikamwambia yu hai, ana afya, anatembea kuliko sisi sote. Aliitikia kwa kichwa, akanipa kikapu cha achari ya maembe nimpelekee, akaaga.

Achari niliifikisha. Nilisema imetoka kwa mtu wa huko. Sikuwa na moyo wa kusema zaidi, na mwaka ukapita, mpaka Mkunga aliponiambia, "Vaa koti," na safari hii koti lilikuwa la kwenda Ureno.

Mji wenyewe unaitwa Mértola. Tuliruka mpaka Faro, kisha tukapanda basi lililozunguka milima mikavu na mashamba ya mizeituni mpaka nikatapika. Halafu nikauona: nyumba nyeupe zimekwea kilima, ngome juu, mto Guadiana chini, wa kijani na mzito, na vipanga wadogo wanaingia na kutoka kwenye matundu ya kuta. Mkunga alikuwa ameshateremka, ameshaanza kupanda.

Tulifikia kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na vyumba vya wageni. Hakujua Kiingereza, nasi hatukujua Kireno, au ndivyo tulivyodhani. Alitukaribisha chakula, mkate uliorowekwa katika mchuzi wa kitunguu thomu na kotmiri, akapigapiga ubao akisema, "Meza, meza." Mkunga akanitazama. Alipotutandikia kitanda akanyoosha mfuko wa mto, na Mkunga akauliza kwa Kiswahili, "Foronya?" Yule mama akashtuka. "Fronya!" Wakaanza wawili wale. Mkunga anagusa bendera ndogo ukutani, anataja. Yule anapiga makofi. Leso, hivyo hivyo. Sijapata kumwona Mkunga anacheka vile, mkono kifuani, kama msichana. "Kumbe Mreno alituachia nyumba na vyombo," alisema, "ngome tu ndiyo aliyokuwa akiitaka."

Kesho yake yule mama alitupeleka kwenye kanisa lao. Zamani lilikuwa msikiti. Milango ilikuwa na matao ya kiatu cha farasi, na nyuma ya madhabahu mlikuwa na mihrabu, imekwanguka nakshi lakini iko pale pale, imeelekea inakopaswa kuelekea. Mama yule akalionyesha jengo kwa fahari akasema neno lililofanana kabisa na gereza.

"Anasema gereza?" niliuliza.

"Kwao ndilo kanisa," alisema Mkunga. "Kwetu ndiko walikofungwa watu." Hakucheka. Alisimama mbele ya mihrabu muda mrefu kwa kipimo chake. "Hawakuivunja," alisema. "Wangeweza kuivunja. Wakaipa mgongo, wakaiacha."

Nilidhani ndio wakati. Tulipotoka tukakaa, yaani mimi nilikaa, kwenye ukingo wa ukuta juu ya mto. Nikamwambia, "Mkunga, ile achari ilitoka kwa mdogo wako. Alikuja mwenyewe. Aliniuliza kama u hai."

Aliteremka. Nilidhani atarudi, kisha nikaona harudi, nikaanza kumtafuta katika vichochoro vile, kila kimoja kinaishia kwenye ngazi na kila ngazi inaishia kwenye kichochoro, jua linachoma. Niligonga milango ya watu nisioweza kusema nao. Nikampata chini kabisa mtoni, viatu mkononi, maji yamemfika vifundoni.

"Usinibebee salamu nisizokutuma," alisema bila kugeuka.

"Nimebeba alizonituma yeye."

"Ungemwambia nimekufa. Ingekuwa rahisi kwake."

"Kwake au kwako?"

Hapo aligeuka, na uso wake ulikuwa uso nisioujua. "Wewe una mama yako anakungoja Pemba na kanga mpya," alisema. "Usinifundishe."

Tulirudi London bila kusemezana. Ndege nzima alitazama dirishani. Miezi ikapita, namsikia juu ya kichwa changu, jikoni, mlangoni, wala hanigongei. Tukikutana ngazini ananiamkia kama jirani mwema. Mama mkwe wangu alisema niombe radhi. Nilikataa. Sikuwa nimekosa, na bado sidhani kama nilikosa, ila niliumia kama aliyekosa.

Kisha mchana mmoja akagonga. Alisimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mdogo wangu ataweza baridi ya huku?"

Alikuwa amepiga simu. Nani alimpa nambari, hakusema, ingawa mama mkwe wangu siku ile alikuwa na shughuli nyingi za ghafla jikoni. Binti yangu, yule aliyechelewa kuzaliwa, ndiye aliyehangaikia visa kwenye kompyuta. Alimsikiliza Mkunga kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza, nao wakaelewana hivyo siku zote. Mara ya kwanza walikataliwa. Mara ya pili walikubaliwa. Majira ya kuchipua mdogo wake akaja, amevaa buibui, na juu yake koti la mume wangu tulilompelekea uwanjani, likamfika miguuni.

Nilitarajia vilio uwanja wa ndege. Hapakuwa na kilio. Walipeana mikono kama watu wanaofanya kazi ofisi moja. Mkunga akachukua begi, akatangulia mbele mbio.

Siku zile nilisikia miguu juu yangu kuliko wakati wowote. Walikuwa watu wawili mle ndani lakini miguu ni ya mmoja. Mdogo mtu alikaa dirishani, akashona kofia. Mkunga alimlisha, alimtembeza sokoni, alimwonyesha hospitali aliyofanyia kazi, kwa nje. Alimwita "we mtoto", na mtoto mwenyewe alikuwa na wajukuu. Mazungumzo yao yote yalikuwa ya vyakula na hali ya hewa. Nilianza kuogopa kwamba atapanda ndege arudi na hawajasema kitu.

Zilipobaki siku chache, Mkunga akasema tutampeleka Rye. Ndio mji mdogo aliokuwa akiupenda kwa Uingereza, ulioko kwenye kilima, wenye njia za mawe ya mviringo na nyumba zilizopinda kwa uzee, na chini yake nyanda za majani zimejaa kondoo mpaka macho yanakoma. Tulipanda treni watatu. Tulipofika tu, Mkunga alianza: hapa palikuwa na lango, hapa wafanyabiashara wa magendo walijificha, nyumba hii imesimama karne kadhaa, twende, twende, juu kuna mnara wa kanisa, ukipanda unaona yote. Mdogo wake alikuja nyuma, magoti yanamsumbua, mkono wangu kaushika. Tulifika penye makaburi ya kanisani, pana benchi. Akakaa.

"Bado hatujapanda mnara," alisema Mkunga.

"Panda wewe. Mimi nimeshapanda ndege."

"Utaondoka hujauona mji?"

"Nyumba kuukuu nimeziacha kwetu, dada. Zinatuangukia." Alitazama chini kwenye nyanda. "Ulisema huu mji wa bandari. Bahari iko wapi?"

"Imeondoka. Zamani ilifika hapo chini ya ukuta. Pakajaa mchanga, ikarudi nyuma, siku hizi iko kule mbali."

"Na watu wakabaki?"

"Wakabaki."

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa, kama aliyesikia habari ya kweli. Mkunga alikuwa amesimama, mkoba begani, anatazama juu ya mnara. Nikaona midomo yake inataka na haitaki. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia basi:

"Nani alimwosha mama?"

Upepo ulikuwa unavuma, na nilidhani mdogo wake hakusikia.

"Mimi," alisema.

"Ulikuwa mtoto."

"Wakubwa walitaka kunitoa chumbani. Nikakataa. Nikawaambia dada hayupo, zamu yake naishika mimi. Bibi wa nyumba ya pili akanielekeza, mimi nikamwosha."

"Maji yalikuwaje?"

"Vuguvugu. Niliyajaribu kwa kiwiko kwanza."

Mkunga aligeuka. "Nani alikufundisha kiwiko?"

"Wewe," alisema mdogo wake. "Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya kabla ya kuniosha mimi? Nikimwaga maji unanipiga." Akalisugua goti lake. "Nilimtia karafuu maiti. Nywele nikamsuka mikia mitatu. Nilimwosha vizuri, dada. Hakubaki na vumbi la dunia hata kidogo. Miaka yote hii nangoja uniulize, huniulizi, nikasema labda unadhani niliharibu."

Mimi nilikuwa mtu wa tatu mahali pa watu wawili. Nikaondoka, nikaenda mpaka ukutani kutazama kondoo, na nilitazama mpaka hawakuwa tena kondoo, ni madoa meupe tu yanayotetereka. Sikusikia walichosema baadaye, wala sikuuliza.

Nilipogeuka, Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi, kichwa kimeinama, mabega yanamtikisika. Mdogo wake alikuwa amemgeukia, anamfunga mtandio upya, polepole, anauingiza ndani ya koti upande huu na upande huu, baridi isimwingie shingoni.